Mashine ya Nne

Fakihi aliivunja saa ya ukutani
kwa bomba la chuma, saa kumi na moja alfajiri,
siku walipotupunguzia mapumziko
kutoka dakika ishirini hadi kumi na mbili.
Vioo vikamwagika juu ya shuka za hospitali.
Tulipiga vigelegele, wallahi,
hata Morag, mzaliwa wa hapa hapa Glasgow,
mwenye magoti mabovu na miaka thelathini na moja ya udobi,
alirusha kofia juu.
Mimi niliokota mshale wa dakika
nikautia mfukoni.

Jumatano ilikuja saa mpya.
Ilikuja na kamera.
Fakihi alitokea mlango wa mbele, ule wa mabwana,
akipiga mbinja, theluji ikimmwagikia kama asumini.
Hakugeuka nyuma. Nilimpenda kwa hilo.
Nilimpenda, na dakika zikabaki kumi na mbili.

Nsimire hakupiga kigelegele.
Yeye alikuwa na daftari la hesabu la mwanawe
na kipimajoto cha homa.
Siku arobaini alikitundika chumba cha pasi,
akaandika: thelathini na sita. Thelathini na nane.
Leo Grazina amezirai.
Akaandika pia nani ananyonyesha,
karatasi za nani zinaisha Machi,
nani humnong'oneza msimamizi, na kwa nini:
"Ana deni. Tusimchukie, tumchangie."
Nikamwona mwoga. Nikamwambia.
Akanitupia ncha mbili za shuka.
"Shika," akasema. "Saa huvunjwa na mtu mmoja.
Hii je, utaikunja peke yako?"

Basi tukakunja.
Kunja, kunjua, pinda, pindua:
miaka sita nimeyatenda maneno haya kwa mikono
na sikuwahi kuyasikia.

Jumatatu ya pili ya Februari
tulizima mashine. Ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Kimya kile!
Ndipo nikajua kumbe paa letu huvuja.
Nikaufikia mkono wa ile ya nne, damu imenipanda,
nikilihisi bomba la Fakihi kiganjani.
Nsimire akanikamata kifundo.
"Hiyo haizimwi. Zimo shuka za wodi ya watoto."
"Mgomo ni mgomo!"
"Na mtoto ni mtoto. Hicho tunachotaka kukijenga
kinaanza sasa hivi, au hakianzi."

Siku tisa tulifua kwa zamu, bila ujira, mashine moja,
tukazipeleka shuka wenyewe kwa toroli
tukipanda mlima wenye barafu,
Morag akitutukana kwa upendo kila tulipoteleza.
Siku ya tano wauguzi walitoka nje
wakasimama nasi, mikono makwapani.
Siku ya kumi dakika zilirudi. Na feni mbili.
Si haba. Si nyingi.

Wengine tukacheza. Nsimire alifungua ukurasa mpya,
akaandika swali, akatusomea:
siku tutakaposhika funguo za jengo hili,
nani atazitunza, na tutamnyang'anyaje?
Chini yake akaandika jina la kwanza la kuchungwa:
lake.

Jana nimemwona Fakihi kituo cha basi,
mvua ikitupiga ubavuni, mkono wake una bendeji.
Yuko ghala la maua sasa.
Amevunja kitu huko pia.
Akacheka, nikacheka. Nilitaka kumsimulia
habari za mashine ya nne,
basi likaja.

Simdharau. Nilikuwa nimelala, kishindo chake kikaniamsha.
Ila mtu aweza kuamshwa usiku kucha
asiambiwe kumepambazuka wapi.

Mshale wa dakika bado ninao.
Hauonyeshi wakati wowote. Una ncha, basi.
Nikitia mkono mfukoni hunichoma kidole,
nikakumbuka: kesho daftari
ni zamu yangu.